Chekeche Si Mwalimu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa darasa la saba yatangazwapo, malango ya shule nyingi za msingi za makanisa hapa Tanzania huvikwa vitambaa vipya. Juu ya kitambaa huandikwa jina la mtakatifu au la askofu ambaye shule iliitwa kwa jina lake. Chini yake huandikwa kwamba watahiniwa wote wamefaulu, na kwamba wote, au karibu wote, wamepata daraja la A. Wapita njia husoma wakastaajabu. Wazazi husoma wakahesabu fedha zao. Mimi pia husoma, maana kusoma ndiyo kazi niliyoajiriwa, na jambo ninalolitafuta katika vitambaa hivyo sijaliona hata mwaka mmoja. Haisemwi kamwe kwamba wangapi walianza darasa la kwanza.

Nadai katika insha hii kwamba sehemu kubwa ya ufaulu unaotangazwa na shule hizo si kazi ya kufundisha bali ni kazi ya kuchekecha. Nadai pia kwamba makanisa, ambayo zamani yalikuwa na kipimo chao chema cha mtoto aliyeelimika, yamekiacha yakashika kipimo cha sokoni. Najua kuwa maneno haya yatawaudhi masista, mapadri na wachungaji ambao nawaheshimu, na ambao baadhi yao ni wanafunzi wangu. Hapana budi niyaseme, kwa kuwa wao wenyewe hunung'unika hivyo hivyo faraghani, ila hawanung'uniki mbele ya bodi za shule zao.

Tutazame kwanza jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mtoto wa miaka mitano au sita huletwa shuleni kufanyiwa usaili. Neno lenyewe lingetosha kututia haya. Usaili ni wa mtu aombaye kazi. Huyu anaomba kufundishwa. Huulizwa kwa Kiingereza jina lake, rangi za vitu, majina ya wanyama na hesabu ndogo ndogo. Asiyejua hurudishwa nyumbani, na sababu ya kurudishwa kwake ni kwamba hajui lile alilokuja kujifunza. Waliosalia hutakiwa ada ambayo mkulima wa jembe la mkono hawezi kuilipa hata akiuza mavuno yake yote. Basi chekeche la pili limekwisha fanya kazi kabla kengele ya kwanza haijapigwa. Kisha huja lile ambalo lugha ya shule huliita wastani. Mtoto apataye alama za kutosha kwa mujibu wa Serikali, lakini zilizo chini ya wastani uliowekwa na shule, huambiwa arudie darasa, au mzazi wake huitwa ofisini akashauriwa kwa upole amtafutie mwanawe shule itakayomfaa. Wizara ya Elimu imewahi kuikataza hadharani desturi hii. Ilichofanya katazo ni kuigeuza desturi ya barua ikawa desturi ya mnong'ono.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba watoto 90 waliingia darasa la kwanza, na kwamba katika darasa la nne walibaki 70, na siku ya mtihani wa darasa la saba wakaketi 52. Wote 52 wamefaulu. Kitambaa kitasema mia kwa mia, nacho hakitakuwa kimesema uwongo hata herufi moja. Lakini mtu akitaka kujua shule imewafanyia nini wale iliowapokea, atapata kwamba waliofikishwa mwisho hawafiki 60 katika kila 100. Wale 38 wako wapi? Wengine wamehama kwa sababu wazazi wao wamehamishwa kazi. Hilo ni la kawaida, wala simlaumu mtu. Waliobaki wako katika shule ya Serikali iliyo ng'ambo ya barabara, mbele ya mwalimu ambaye huenda ana watoto 100 katika chumba kimoja. Mwalimu huyo humpokea aliyekataliwa, humfundisha kadiri ya nguvu zake, na mwisho wa mwaka matokeo yake hulinganishwa na ya wale waliomtupia kazi hiyo, nao humcheka.

Kuna mfano katika Injili wa mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Shule ya kanisa ifukuzayo mtoto wa chini ya wastani imeusoma mfano huo ikautenda kinyume: humtoa yule mmoja zizini kwa mikono yake ili hesabu ya tisini na tisa ipendeze. Sijui ni somo gani la dini, kati ya vipindi vyote vya juma, liwezalo kumfuta mtoto fundisho hilo akiisha kuliona kwa macho yake, rafiki yake wa dawati moja alipoondoka Januari asirudi.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutaja shule bora na watahiniwa bora wakati wa kutangaza matokeo. Baadhi yetu tulidhani vitambaa vitashuka. Havikushuka, illa kazi ya kusifu ilihama kutoka kwa Baraza ikaenda kwa wenye shule wenyewe.

Sasa tuingie darasani, maana yamkini mtu atasema: Hata kama wamechaguliwa, waliobaki si wamefundishwa? Wamefundishwa, na baadhi yao vema sana. Shule hizi zina madawati, zina vitabu, zina walimu wanaofika kwa wakati, na mtoto haketi sakafuni. Hayo si haba, na mwenye kuyabeza hajawahi kufundisha chini ya mwembe. Lakini tazama kinachofanywa na neema hiyo yote. Kuanzia darasa la sita, na pengine mapema zaidi, kitabu cha somo huwekwa kando, na mahali pake hushikwa na mitihani ya miaka iliyopita. Mtoto huamka kabla ya jua, hufanya jaribio. Mchana hufanya jaribio. Jioni husahihishiwa jaribio. Hujifunza kulinusa jibu kabla hajalielewa swali.

Katika karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa darasa la saba imekuwako sehemu iitwayo Utungaji. Msomaji asiyeijua atadhani kwamba hapo mtoto hutunga. La. Hupewa sentensi chache zilizotungwa na mtu mwingine, zikavurugwa, naye huzipanga kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mtoto aweza kupata alama zote za Utungaji naye hajaandika hata sentensi moja iliyotoka katika kichwa chake. Kosa la karatasi hiyo si la makanisa, ni la waliobuni mtihani. Na wa kwanza kuteseka kwalo ni yule mwalimu wa watoto 100, asiyeweza kusahihisha insha 100 kila juma. Lakini shule yenye watoto 35 darasani yaweza. Ina nafasi, ina daftari, ina mwalimu mwenye muda. Ikiwa nayo inafundisha kupanga A, B, C na D tu, basi inatumia utajiri wake kufanya kwa uzuri zaidi lile ambalo maskini hulifanya kwa kukosa njia.

Niliwahi kualikwa kugawa zawadi katika mahafali ya shule moja ya namna hii, ambayo sitaitaja. Msichana mmoja alipanda jukwaani mara nne. Baada ya chakula nilimpa karatasi, nikamwomba aniandikie mistari mitano, kwa lugha yo yote aipendayo, juu ya kitu alichokiona njiani asubuhi ile. Aliitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili, kisha akaniuliza kwa adabu: "Shikamoo mwalimu, samahani, majibu ya kuchagua yako wapi?" Mwalimu wake alicheka. Mtoto hakucheka, nami pia sikucheka, kwa kuwa huwaona kaka zake na dada zake kila Oktoba au Novemba, chuo kikuu kinapofunguliwa. Huja na vyeti vya kung'aa. Huketi mbele ya swali la insha, wakaandika juu ya ukurasa vichwa vidogo vitatu, chini ya kila kichwa wakapanga hoja walizokariri. Ukiwauliza wao wenyewe wanaonaje, huchukia, kama kwamba umewauliza jambo lisilo la mtaala.

Makanisa hayakuanza hivi, na hapa hapana budi turudi nyuma kidogo, kwa kuwa hoja yangu yote inasimama juu ya jambo hili. Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni ya Kiingereza iitwayo UMCA walifika Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa wakakabidhiwa kwao na Sultani. Hawakufanyiwa usaili. Hawakuwa na ada, wala hawakuwa na wazazi wa kuulizwa ada. Kiungani, nje ya mji, palikua kutokana na watoto wa namna hiyo, waliotoka makabila mbalimbali ya bara, kila mmoja na lugha yake na hofu yake. Steere alijifunza Kiswahili, akakichapisha: kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi vyote vilitoka mwaka 1870. Wavulana walifundishwa kusoma kwa Kiswahili, na kupanga herufi katika mtambo wa kupiga chapa. Mwaka 1888 hapo Kiungani lilianza kutoka gazeti la Msimulizi, na ndani yake wanafunzi na walimu Waafrika waliandika habari za vituo vyao, za safari, za misiba na mavuno. Naomba msomaji alipime jambo hili kwa utulivu: watoto waliookotwa utumwani waliandika habari zao kwa nathari ya Kiswahili, zikachapwa, zikasomwa. Mmoja wa waliolelewa Kiungani ni Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa ametiwa utumwani utotoni. Mwaka 1890 alipewa ukasisi, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuupata. Mtoto huyo angeletwa leo katika lango la shule yenye kitambaa, angeulizwa rangi kwa Kiingereza akarudishwa.

Sisemi kwamba Kiungani ilikuwa pepo. Shule za misheni zilikuwa na dhambi zake, na kubwa miongoni mwazo ni kwamba mara nyingi mtoto wa Kiislamu hakupata mlango illa kwa bei ya dini yake. Watu wa pwani walikuwa na vyuo vyao na hati yao ya Kiarabu, na tenzi zilikuwa zimekwisha andikwa kwa hati hiyo zaidi ya miaka 100 kabla Tozer hajashuka pwani. Wamisionari wengi hawakuhesabu hiyo kuwa elimu. Tena katekisimu ilifundishwa kwa swali na jibu, mtoto akakariri asichokielewa, na huenda mtu akasema kwamba majaribio ya leo ni mjukuu wa katekisimu ile. Nakubali kwa sehemu. Lakini mwisho wa masomo ya shule ya misheni, hata ile ya makuti huko porini, ulikuwa ni huu: mtoto asimame mbele ya watu aliowazoea, afungue kitabu, asome sauti yake isikike, nao waelewe. Ndiyo sababu huko Buganda waongofu wa kwanza waliitwa kwa neno lenye maana ya wasomaji, na Wagikuyu wakawaita wao vivyo hivyo. Kipimo kilikuwa hadharani, kwa lugha ya wasikilizaji. Hakikuweza kughushiwa kwa kumfukuza jirani wa darasani, maana kusoma kwangu hakuongezeki kwa kuondoka kwako.

Baadaye mambo mengi yalipita. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za Serikali. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za makanisa zilizopata ruzuku zikawekwa chini ya Serikali. Katika miaka ya 1990 mlango ulifunguliwa tena. Mwaka 1992 Serikali na makanisa zilitia saini mapatano juu ya huduma za elimu na afya, na sera ya elimu ya mwaka 1995 ikakaribisha watu binafsi na mashirika kujenga shule. Makanisa yalirudi katika kazi yao ya zamani. Lakini waliorudi na shule za msingi, wengi wao walirudi na Kiingereza na ada, na sijapata kuona waraka wo wote wa kitheolojia ueleao kwa nini.

Jibu la kwanza ninalopewa ni kwamba wazazi ndivyo watakavyo. Ni kweli, wala wazazi si wajinga. Wanaiona sekondari ikifundishwa kwa Kiingereza, nao wanamwandalia mtoto njia. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari tangu mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na tangu hapo kila mzazi anafanya hesabu yake peke yake. Ningemlaumu mfanyabiashara kwa kufuata hesabu hiyo? Hasha, ndiyo kazi yake. Lakini kanisa halikuwahi kukubali kuitwa duka. Linapohubiri juu ya ulevi haliulizi kwanza wateja wanataka nini.

Jibu la pili ni kwamba Kiingereza ni lazima. Ni lazima, na kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekuwa akitufafanulia kwa miaka mingi kwamba kufundisha lugha ni jambo moja, na kufundishia kwa lugha ambayo mtoto haielewi ni jambo jingine. Masikio ya wenye shule yamekuwa mazito. Wengine wamevuka hata mpaka wa kutosikia. Wamerudisha kile kibao cha shingoni anachovikwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao, adhabu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliishuhudia Kenya ya wakoloni na kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986. Katika shule zetu lugha inayomtia mtoto hatiani ni Kiswahili. Jumapili mtoto yule yule huimba na kuungama kwa Kiswahili katika kanisa lenye shule. Jumatatu hutembea na kibao shingoni kwa kumwambia mwenzake kwa Kiswahili kwamba ana kiu. Ni lipi kati ya hayo mawili atakaloliamini?

Jibu la tatu lina uzito zaidi, nalo ni kwamba ada za matajiri huendesha zahanati na shule za maskini. Pahali linapofanyika kweli, na hesabu zikaonekana, nitalisifu. Lakini hata hapo sioni kwa nini fedha za tajiri zihitaji kumfukuza mtoto wa tajiri mwenye akili nzito. Naye ni mtoto.

Wala asiseme mtu kwamba natamani lisilowezekana, kwa kuwa makanisa yenyewe yamekwisha kulifanya. Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Walioanzisha shule hizo hawakumwuliza mtoto ana nini cha kuleta katika wastani. Walimchukua yule ambaye kila chekeche lingemtupa, wakauliza afundishweje. Ufaulu wa mtoto wa Buigiri asomaye kwa ncha za vidole ni ufaulu ambao mwalimu aweza kuapa kuwa ni kazi yake, kwa kuwa mtoto alikuja bila huo, akatoka nao. Mwalimu mkuu wa shule yenye kitambaa hawezi kuapa hivyo. Amewapokea watoto waliokwisha jua, wenye taa nyumbani, wenye chakula na wazazi wa kuwasomea; amewaondoa waliochelewa; kisha anatuonyesha kwamba waliobaki wanajua.

Nawaomba basi wanafunzi wangu, hasa ninyi mtakaoajiriwa katika shule hizi, na wengi wenu mtaajiriwa huko kwa kuwa hulipa mapema: msikatae kazi, ila ulizeni rejista. Kila shule inayo. Humo mna majina ya walioingia darasa la kwanza na alama ya kalamu juu ya walioondoka. Ulizeni pia kama kuna daftari la insha, na kama mwalimu amelisahihisha mara ngapi muhula huu. Maaskofu nao, na mabaraza yao ya elimu, wanao uwezo wa kufuta usaili wa darasa la kwanza katika shule zao kwa waraka mmoja, na kuagiza kwamba viti kadhaa katika kila darasa viwe vya watoto wa jirani wasio na ada. Hawahitaji ruhusa ya Wizara kwa hilo. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, inafupisha elimu ya msingi kuwa ya miaka 6, na mtihani wa darasa la saba tuujuao unaondoka pamoja na darasa lenyewe. Vitambaa vitahitaji maneno mapya. Na yaongezwe juu yake, kwa herufi zenye unene ule ule wa zile A, maneno haya mawili na tarakimu zake: walioingia, na waliobaki.